Msimu Tuliomnyima Gibson Salamu

Jumatatu, 10 Juni 2024. Bunda.
Asubuhi ya baridi. Upepo umetoka ziwani na kuinua vumbi hata mlima Balili hauonekani.

Leo kiwanda cha pamba kimewashwa. Malori yalikuwa yamepanga foleni tangu Jumamosi. Nimerudishwa sehemu yangu ya mwaka jana, kwenye presi, ile mashine inayoshindilia pamba nyuzi kuwa marobota. Kila robota likitoka nalipiga namba kwa brashi ya wino. Hezron yuko kwenye swichi. Gibson ndiye anayeingia ndani ya sanduku la presi pamba ikikwama. Kengele ya tahadhari iliharibika mwaka jana na haijatengenezwa, kwa hiyo tunatumia midomo. Kabla ya kuwasha, Hezron anapaza sauti, "Presi!" Gibson akiwa nje anajibu, "Nimetoka!" Bila jibu hilo swichi haiguswi. Leo Gibson alikuwa anaongezea utani, "Nimetoka, usinizike!" na sisi tunacheka.

Saa ya chakula wanachama walinichagua kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapa kiwandani. Werema, mwenyekiti wetu wa tawi, ambaye ni fundi wa mashine za kuchambua, alisema, "Nyamburi amefika fomu foo na ana mwandiko. Mimi nina sauti. Tutaelewana." Watu wakapiga makofi. Aliyekuwa mwakilishi kabla yangu hajaitwa getini msimu huu. Sisi wa msimu tunasomwa majina getini kila Jumatatu, na usiposomwa, huna kazi na hupewi sababu.

Alhamisi, 13 Juni.
Upepo. Marobota mengi. Nimepiga chafya kutwa.

Jumatatu, 17 Juni.
Nilisomwa wa mwisho kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kugeuka niondoke. Supavaiza wetu, Mzee Machage, alilitaja jina langu bila kuniangalia. Sijui kama ni bahati au ni onyo.

Jumapili, 23 Juni.
Jua kali baada ya ibada. Tumekutana watu kumi na kitu uani kwetu. Boke, jirani yangu wa chumba cha pili, ambaye anachagua pamba chafu ghalani, alitupikia uji. Tumekubaliana mambo matatu ya kumpelekea meneja: kengele ya presi itengenezwe, tupewe barakoa za vumbi, na kila mtu apewe nakala ya mkataba wake. Akikataa, chama kitapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi, Musoma. Werema alisema jambo hili lisitoke pale mpaka barua iwe mkononi mwa meneja. Waliosema kwa nguvu zaidi ni Samweli na Kulwa.

Gibson alikuwepo. Alikaa karibu na mlango, akashika kikombe chake kwa mikono miwili, hakusema kitu. Nimeandika hili kwa sababu niliona, wala sikuwa na maana nyingine.

Jumatatu, 24 Juni.
Samweli na Kulwa hawakusomwa.

Kabla ya saa nne meneja aliniita. Hakupandisha sauti. Alisema, "Nasikia mnataka kwenda Musoma. Barabara ni nzuri siku hizi." Akarudi kwenye simu yake. Barua ilikuwa bado kwangu, chini ya godoro.

Jumanne, 25 Juni.
Kila mtu anasema ni Gibson. Mke wake Hilda ni binti wa Mzee Machage, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kutafuta mwingine. Gibson anakana, lakini anakana akiangalia viatu.

Saa ya chakula Werema alisimama nyuma ya ghala la mbegu. Alisema, "Kwetu mwizi wa ng'ombe akijulikana, wazee wanakaa ritongo, baraza la kijiji. Hapigwi. Anatengwa. Hasalimiwi, haombi moto, haazimwi jembe, na akifiwa anachimba mwenyewe. Huyu ameiba wenzetu wawili. Nasema naye tumkalie ritongo."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wengi hapa wametoka vijijini, Butiama, Serengeti, Tarime, wameona ritongo kwa macho. Hata Wasukuma wetu wanalijua.

Mzee mmoja wa ghalani aliuliza, "Na kazi je? Tutafanyaje naye kazi?"

Werema akasema, "Mikono ifanye kazi. Mdomo ufungwe."

Waliokubali wakanyoosha mikono. Nilinyoosha. Nilikuwa nikimwangalia Werema, na niliona yeye anahesabu nani hajanyoosha.

Jumatano, 26 Juni.
Gibson amefika akasema, "Mmeamkaje?" Kimya. Akasema tena. Hezron aliangalia juu ya paa. Mimi nilikuwa natafuta wino ambao ulikuwa mkononi mwangu.

Ijumaa, 28 Juni.
Nimepeleka barua kwa meneja. Amesaini kuipokea. Hajajibu.

Jumatatu, 1 Julai.
Nimesomwa. Gibson pia amesomwa. Watu wameguna. "Mkwe anamlinda," wamesema.

Alhamisi, 4 Julai.
Baridi asubuhi, joto mchana. Gibson anakula peke yake kwenye kona ya mizani. Zamani alikuwa anakula sinia moja na akina Hezron. Leo alikwamwa na ugali, akakohoa mpaka machozi, na jagi la maji lilikuwa kwenye meza yetu. Hakuna aliyelisogeza. Alikunywa maji ya bomba la kunawia.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa upande wa pili. Mpaka sasa nilikuwa namwogopa meneja tu.

Jumanne, 9 Julai.
Kwenye presi sasa hivi hawaitani. Pamba ikikwama Gibson anaingia, anatoka, anapiga bati mara mbili kwa ngumi. Hezron akisikia bati anawasha. Nilimwambia Werema kwamba hili la presi si la kuchezea, angalau pale waitane. Akasema, "Bati si linasikika? Ukianza kutoboa tundu moja kwenye ritongo, ng'ombe wote wanatoka." Akanigonga bega kama mtu anayemtuliza mtoto. Sikuendelea.

Ijumaa, 12 Julai.
Hakuna jibu la meneja. Hakuna mvua hata ya kusingiziwa.

Jumanne, 16 Julai.
Nitaandika kama ilivyotokea, kwa mpangilio, kwa sababu kesho kila mtu atakuwa na yake.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mwepesi na baridi. Mashine ya pili ya kuchambua ilikuwa imeharibika, kwa hiyo mafundi, akina Werema, walikuwa wakigonga vyuma upande wa pili wa ukuta. Pamba ikakwama kwenye presi. Hezron akazima. Gibson akafungua mlango mdogo wa pembeni, akaingiza mwili nusu, mkono wa kulia umezama mpaka begani. Nilikuwa nimesimama mbele ya ule mlango na brashi ya wino. Nilimwona. Niliona mgongo wake, shati la bluu, na kiraka kwenye bega.

Upande wa pili fundi akagonga chuma mara mbili.

Hezron akanyoosha mkono kwenye swichi. Nilimwona. Alifungua mdomo. Nina hakika alifungua mdomo kwa mazoea, "Pre...", halafu akaufunga, akameza. Mimi nilikuwa katikati yao. Nilikuwa na mdomo. Nilijua kwamba zile ngumi hazikuwa za Gibson. Kilichopita kichwani mwangu kilikuwa kifupi na cha aibu: nikimwita, wataniona nimemwita.

Swichi ikashuka.

Sitaandika sauti. Nilipopiga kelele ilikuwa imechelewa, na nilipiga kelele jina lake, "Gibson!", jina ambalo lilikuwa halijatajwa mle ndani wiki tatu. Hezron alizima. Alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya pamba, akawa anasema, "Nilisikia bati. Dada Nyamburi, si ulisikia bati?"

Werema ndiye aliyemtoa Gibson. Alivua mkanda wake akamfunga mkono, akambeba mgongoni mpaka kwenye lori, mbio, huku akisema naye njia nzima, "Vumilia, ndugu yangu. Vumilia, niangalie." Ritongo lilivunjika kwa muda wa kutoka presi hadi getini. Lori lilipoondoka, ritongo likarudi.

Jumatano, 17 Julai.
Vidole vinne vya mkono wa kulia havipo. Kimebaki kidole gumba. Hospitali wanasema atapona.

Alhamisi, 18 Julai.
Presi inafanya kazi. Kuna mtu mwingine ndani, na Hezron anamwita kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Jumatatu, 22 Julai.
Nimesomwa. Upepo umeanza tena.

Hilda amekuja na barua ya kampuni. Gibson ameitwa kwenye kikao cha nidhamu, tarehe saba Agosti, kwa uzembe uliokithiri: kuingia kwenye mashine bila kuhakikisha usalama. Akipatikana na kosa anafukuzwa, na kampuni itaandika kwenye taarifa yake kwa mfuko wa fidia kwamba alijitakia. Barua inasema ana haki ya kuja na mwakilishi wa chama chake.

Hilda hakukaa. Alisema, "Dada, baba yangu ndiye atakayesoma mashtaka. Amepangiwa. Mimi nimekuja kwako kwa sababu sina pengine pa kwenda, siyo kwa sababu nakupenda."

Nikamwambia nitafikiri. Akasema, "Fikiri. Yeye anajifunza kushika kijiko."

Jumanne, 23 Julai.
Nimemwona Gibson wodini. Nimemwuliza wazi kama ndiye aliyesema.

Amesema, "Ni mimi."

Ilikuwa Jumapili ile ile jioni. Walikuwa msibani Bugwema, upande wa ukoo wa mke wake. Mzee Machage alimwita pembeni akamwuliza mlikuwa mnaongea nini Bunda. "Mkwe akuulize mbele ya msiba, wewe umeinama unamsalimia, utamdanganya vipi? Nilimwambia kengele, barakoa na safari ya Musoma. Akasema na nani amechachamaa sana. Nikamtajia. Nilidhani ananiuliza kama mzazi." Akageukia ukuta. "Kama hutaki kuja, usije. Nami nisingekuja."

Nimerudi kwa mguu. Ingekuwa rahisi kama angekuwa amesingiziwa.

Jumamosi, 27 Julai. Musoma.
Ziwa limechafuka, mawimbi yanapiga mawe nyuma ya jengo. Nimemweleza Mama Eunice, katibu wa chama wa mkoa, kila kitu, hata la mkono wangu kunyooshwa na mdomo wangu kufungwa. Ni mama mnene mwenye sauti ya taratibu. Alikuwa ananyofoa sato wa kukaanga kwenye karatasi, akaacha kula.

Akauliza, "Ni mwanachama?"

"Ndiyo."

"Ada inakatwa?"

"Inakatwa."

"Basi anawakilishwa. Katiba yetu haikusema mwanachama awe mtu mzuri. Ingesema hivyo tungekuwa watu watatu."

Nikamwambia wenzangu watanitenga. Akasema anaweza kumtuma mtu wa Musoma aje badala yangu, lakini mtu huyo hakuwepo kwenye presi. "Atasema kengele ilikuwa mbovu. Kampuni itasema, mbona mwaka mzima hakuumia mtu? Wewe tu ndiye unayejua kwa nini." Akafuta vidole. "Na ukilisema hilo, wanachama wako nao wanaingia matatani. Sikufichi."

Sikufichwa. Nilitamani afiche kidogo.

Jumapili, 28 Julai. Buswahili.
Nimepitia kwa mama, huku wilaya ya Butiama, nimelala kwake. Mahindi yamekauka shambani. Nikamweleza habari za ritongo letu. Alikuwa anapepeta maharage, akacheka bila furaha.

"Ritongo la pamba! Nyie watu wa Bunda mna mambo."

"Mama, si ni lile lile la kwenu?"

"La kwetu lilikuwaga la ng'ombe, na aliyetengwa alibakiga na shamba lake, na mlima wa kuchungia peke yake. Anakaa huko mpaka achoke, anarudi na mbuzi, yanaisha. Sasa nyie mmemtenga mtu halafu mkamwingiza kwenye mashine yenu! Mngemtenga basi mumwache nje." Akaniangalia. "Na wewe ulinyoosha mkono?"

"Nilinyoosha."

"Mh." Akaendelea kupepeta. Hakusema nami tena mpaka chakula.

Alhamisi, 1 Agosti.
Nimemwambia Werema nitaingia kikaoni na Gibson.

Alikuwa anapaka grisi. Alisema taratibu, na ule utaratibu ndio ulionitisha. "Samweli ana watoto wanne. Ulimpelekea nini?"

"Shauri lake na la Kulwa tumelifungua Musoma. Unajua."

"Najua. Na Gibson ndiye aliyewatoa."

"Ndiye. Ameniambia mwenyewe."

Akaacha grisi. "Amekuambia? Na bado utakwenda?"

"Wanamfukuza kwa kosa ambalo si lake, Werema."

"Utasema nini kule ndani?"

"Nitasema tuliacha kuitana."

Alinikaribia. Nilisikia harufu ya mafuta na tumbaku. "Sikiliza, dada. Kampuni inangoja kitu kimoja tu, kwamba chama kimekata mkono wa mtu. Ukiwapa hicho, kengele hakuna, barakoa hakuna, chama hakuna. Kwa ajili ya huyo." Halafu akasema, kama anayeomba, "Mimi nilimbeba. Damu yake iko kwenye shati langu mpaka leo. Usifikiri ni wewe peke yako usiyelala vizuri."

Nilikuwa nimemwona shujaa, halafu nikamwona kama mtu wa kutisha. Leo nimeona anaogopa kama mimi, ila yeye ana sauti kubwa.

Alipoondoka alisema, "Ukiingia huko, ukitoka usitusalimie. Hutajibiwa."

Jumamosi, 3 Agosti.
Hezron amenifuata bombani. "Dada, utanitaja?"

"Wakiuliza, ndiyo."

"Mke wangu amejifungua juzi."

"Hongera," nikasema. Amebeba ndoo yangu mpaka mlangoni, akaiweka, akaondoka. Ndoo hiyo imenitia hofu kuliko kama angenitukana.

Jumatatu, 5 Agosti.
Nimesomwa. Boke ameniambia kwa sauti ya chini, "Achana na hayo mambo, shoga. Hii mimba ikinizidi nitahitaji watu, na wewe pia utahitaji watu."

Jumanne, 6 Agosti.
Sikula. Nimesoma tena barua yetu yenye saini ya meneja.

Jumatano, 7 Agosti.
Asubuhi bila upepo, anga nyeupe. Balili unaonekana mpaka mawe yake.

Kikao kilianza saa tatu. Aliyeongoza ni bwana kutoka makao makuu ya kampuni, mtu mkavu lakini msikivu. Meneja alikaa kulia kwake. Gibson alivaa shati jeupe, mkono umefungwa na kulazwa kifuani. Mzee Machage alisimama kusoma mashtaka dhidi ya mkwewe. Alipofika kwenye jina la Gibson alirudia mstari. Nilikuwa nimemchukia mzee yule tangu Juni, na pale sikuweza kumaliza chuki yangu.

Walinipa nafasi. Nilisimama nikashika meza.

Nikamwuliza Mzee Machage, "Mzee wangu, shikamoo. Kengele ya presi iliharibika lini?"

"Mwaka jana."

"Uliarifiwa?"

Meneja akakohoa. Mzee akasema, "Niliarifiwa. Nami niliarifu juu."

Nikatoa barua yetu ya Juni yenye saini ya meneja. Bwana yule akaisoma, akaiweka chini. Akauliza lile lile alilosema Mama Eunice: mbona mwaka mzima bila kengele hakuumia mtu?

Ningeweza kusema sijui. Gibson mwenyewe alikuwa ameniangalia kama anayesema, sema hujui.

Nikasema, "Kwa sababu tulikuwa tunaitana kwa mdomo. Halafu tukaacha. Sisi wafanyakazi tulimtenga Gibson kwa jambo letu la nje ya mashine, tukaacha kumwita. Kampuni iliondoa kengele, sisi tukaondoa mdomo. Gibson hakuondoa kitu. Aliingia kazini kwake kama alivyoingia kila siku."

"Nani aliwasha swichi?"

"Hezron. Alisikia mafundi wakigonga, akadhani ni Gibson. Na aliyekuwa mbele ya mlango, akimwona Gibson yumo ndani, akanyamaza, ni mimi. Kama mnaandika jina la Hezron, naomba langu litangulie."

Tulitolewa nje, tukangoja kwenye benchi. Gibson hakunishukuru. Aliuliza tu, "Una maji?" Nilikuwa na chupa. Nikamfungulia kifuniko.

Tulipoitwa tena, uamuzi ulikuwa huu. Gibson hafukuzwi, na taarifa ya fidia itaandikwa kuwa ni ajali kazini. Presi haitawashwa mpaka kengele ifanye kazi. Hezron amepewa onyo la maandishi, nami nimepewa, la mwisho. Kuhusu chama, bwana yule alisema atapeleka taarifa makao makuu "kuhusu mwenendo wa tawi". Meneja alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kwa hiyo Werema naye alikuwa amesema kweli.

Nje, presi ilikuwa imezimwa na watu wamekusanyika getini. Walikuwa wameshasikia. Nikasema, "Habari za mchana." Werema aligeuka kwanza, akanipa mgongo. Kisha wengine, mmoja mmoja, kama mlango unavyofungwa taratibu. Hezron alichelewa kidogo. Naye akageuka.

Nimefika nyumbani saa tisa. Nimefunga komeo. Nimekaa kitandani nikisikiliza kila kiatu kinachopita uani. Najua watu hawa hawapigi. Najua pia presi ikiwashwa tena nitasimama karibu nayo, na nitakuwa nawategemea wao.

Mlango ukasukumwa. Komeo likazuia. Sikuuliza ni nani, kwa sababu sikutegemea kujibiwa. Nilifungua. Ni Boke, tumbo mbele, kanga kichwani. Alipita bila kuniangalia, akasimama mbele ya ndoo ya maji, akaanza kuiambia ndoo:

"Leo mchana Machage ameniandikia kwenda chumba cha vumbi. Mimba ya miezi saba. Nimemwambia daktari amekataza, nina cheti. Anasema kama sitaki niandike barua ya kuacha kazi. Wameniita Ijumaa saa nne."

Nilirudisha mlango.

Akaendelea, "Sijaja kumsalimia mtu. Naongea na ndoo. Lakini kama ndoo hii ina mwakilishi wa chama, imwambie Ijumaa saa nne. Na imwambie Kulwa naye anauliza shauri lao limefika wapi, ila anaona aibu kuingia, yuko hapo nje kwenye kona."

Nami nikaiambia ndoo, "Mwakilishi atakuwepo. Aje na cheti cha daktari, asisaini kitu chochote. Kulwa aambiwe shauri limepangiwa tarehe ishirini, Musoma."

Boke aliiitikia ndoo kwa kichwa. Alipita tena bila kuniangalia, akatoka, mkono kiunoni. Nimemsikia huko nje akimwambia Kulwa tarehe.

Bado naogopa. Nimeandika Ijumaa saa nne juu ya ukurasa wa keshokutwa. Nalala sasa, saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiwa bado dirishani.